Kabla ya kusema sumu, tupime maji



Hapa kwetu Munigi, kitu kikifa bila kujulikana sababu, neno la kwanza linalotoka mdomoni ni sumu. Kuku akikutwa amekufa asubuhi, ni sumu. Mtoto akitapika baada ya kula kwa jirani, ni karuho. Sisemi kwamba sumu haipo. Nasema kwamba neno hilo likishatoka linatafuta mtu wa kumkalia, na mara nyingi linamkuta mjane, au mgeni, au yule asiye na ndugu wa kumtetea. Ndiyo maana wiki hii naandika juu ya samaki wa kikundi kimoja cha wamama wa hapa, na juu ya chupa ndogo za matone zilizotuonyesha kilichowaua. Kikundi kimenipa ruhusa ya kueleza, ila majina nimeyaacha.

Mnajua jinsi maji yalivyo magumu kwetu. Tunakaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapita kati ya mawe na kupotea chini. Hatuna mto, hatuna kijito, na bwawa la kuchimba kama lile la sehemu zenye udongo mzito hapa haliwezi kushika maji. Moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na ule wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, uliongeza mawe juu ya mawe, na ule wa 2021 uliharibu pia bomba na tangi la maji lililokuwa linahudumia watu wengi wa Goma na Nyiragongo. Kwa hiyo mwanamke wa Munigi akisema anafuga samaki, watu wanacheka kwanza.

Lakini wamama 18 wa kikundi hicho walifanya. Kwa pesa ya likelemba walinunua mbao na shitingi nzito, wakatengeneza tangi la lita 4,000 nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Chini walipanga mawe ya volkano ili samaki wapate fasi ya kujificha. Maji yalikuja kidogo kidogo kwa chukudu, bidoni kwa bidoni. Wakaweka tilapia. Miezi kumi ilipita vizuri. Watoto wa wanachama walikula samaki bila kungoja sambaza wa sokoni, na sehemu nyingine iliuzwa ikalipa karo.

Kisha waliamua kuongeza samaki wadogo 200 kutoka kwa mfugaji wa mbali. Waliambiwa jambo la kweli: samaki mgeni asitiwe mara moja pamoja na wenyeji, kwa sababu anaweza kuleta ugonjwa usioonekana. Akae peke yake wiki tatu, atazamwe. Hiyo ndiyo karantini, neno tulilolizoea wakati Ebola ilipofika Goma mwezi wa saba 2019, na tena wakati wa Corona. Kikundi kikanunua tangi la plastiki la lita 500. Karatasi waliyopewa na muuzaji ilisema: osha tangi kwa dawa, tia maji safi, tia samaki, lisha gramu 40 kwa siku. Wakafanya hivyo neno kwa neno.

Zamu ya kulisha ilipewa mama mmoja mjane aliyekimbia vita kutoka upande wa Rutshuru na watoto wanne. Alikuwa amekubaliwa katika kikundi miezi michache tu. Alikuwa na sehemu ndogo katika likelemba, na hiyo ndiyo akiba yake yote.

Samaki walifika Jumatatu. Jumanne walikula vizuri. Jumatano walianza kukataa chakula na kukaa juu ya maji wakifungua midomo. Alhamisi walikufa 7. Ijumaa 19. Jumamosi asubuhi 23. Katika tangi kubwa, mita tano kutoka hapo, hakufa hata mmoja.

Mkiangalia habari hiyo kwa macho ya jirani, mtaona mahali inapoelekea. Matangi mawili, maji ya muuzaji mmoja, chakula cha mfuko mmoja. Wanaokufa ni wale tu ambao mkono wa mgeni unawagusa. Jumamosi mchana kikundi kilikutana, na katika ajenda kulikuwa na jambo moja: mama huyo atolewe, na sehemu yake ya likelemba ibaki kulipia samaki. Mmoja alikuwa ameshaanza kusema kwamba watoto wake pia waangaliwe, wasile pamoja na wengine. Kuanzia hapo mambo huweza kufika mbali. Sote tunajua vijana wa mtaa wanafanya nini wakisikia kwamba fulani ana sumu.

Mwenyekiti alinituma mtu kwa sababu nafundisha sayansi, na kwa sababu alikumbuka kwamba mwagronomia mmoja aliwahi kutuachia shuleni kisanduku cha kupimia maji ya samaki. Ndani yake kuna vichupa vya matone, bomba dogo la kioo, na kadi ya rangi. Unaweka maji katika bomba, unadondosha matone kama maelezo yanavyosema, unangoja dakika chache, kisha unalinganisha rangi. Njano ina maana hakuna amonia. Kijani ina maana ipo, na kadiri kijani kinavyozidi kuwa kizito ndivyo ilivyo nyingi.

Niliwaomba kitu kimoja kabla ya kupiga kura: tupime maji matatu mbele ya wote. Maji ya bidoni iliyofika asubuhi hiyo, maji ya tangi kubwa, na maji ya tangi dogo. Mtu akipima maji ya wagonjwa peke yake hajui kama shida ililetwa na chukudu au ilizaliwa ndani ya tangi. Akipima yote matatu, anaweza kufuata njia ya shida kama mtu anayefuata nyayo. Niliuliza pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya chupa za matone, kwa sababu dawa iliyozeeka hudanganya, na nikaosha bomba kwa maji yaleyale ya kupimwa kabla ya kila kipimo. Tulisoma rangi nje, kivulini, wakati wa mchana, si kwa mwanga wa taa.

Maji ya bidoni: njano. Maji ya tangi kubwa: njano. Maji ya tangi dogo: kijani kizito, miligramu 4 kwa lita. Wamama walipokezana lile bomba mkono kwa mkono. Kisha mmoja akasema maneno ambayo wengi walikuwa nayo moyoni:

“Mwalimu, hii maji tulinunua sisi wenyewe, ni ya kunywa. Samaki atakufa namna gani ndani ya maji ya kunywa?”

Ni swali zuri, na jibu lake linatosha kuwaokoa samaki wengi na pengine watu pia.

Amonia mnaijua. Ni ile harufu inayochoma pua asubuhi katika nguo za mtoto aliyekojoa usiku, au katika choo cha shule siku ya jua. Inatokana na chakula chenye protini. Sisi miili yetu inaibadilisha kabla ya kuitoa, lakini samaki anaitoa moja kwa moja, na sehemu kubwa inatoka kwenye matamvua anapopumua. Yaani samaki anapumua na kujisaidia ndani ya chombo kimoja. Ziwani maji ni mengi, uchafu huo unapotea. Ndani ya lita 500 hauna pa kwenda.

Tukafanya hesabu pamoja kwa chaki juu ya ubao wa mlango. Chakula chao kina protini kama 30 kwa 100. Wafugaji wa samaki wanahesabu kwamba kilo 1 ya chakula cha namna hiyo inatoa karibu gramu 28 za amonia. Basi gramu 40 zinatoa gramu 1 na kidogo. Igawanyeni katika lita 500: ni zaidi ya miligramu 2 kwa kila lita, kila siku. Hakuna aliyetia kitu kibaya. Samaki walikula chakula kilichoandikwa kwenye karatasi, na chakula hicho kikawageukia.

“Kama ni hivyo,” akasema mwenyekiti, “mbona wale wa tangi kubwa hawafi? Nao wanakula.”

Hapo ndipo penye siri. Katika tangi kubwa kuna wafanyakazi wasioonekana. Juu ya mawe, juu ya shitingi, juu ya mbao, vimejishika vijidudu ambavyo chakula chao ni amonia. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni mbaya kwa samaki, lakini kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa muda mrefu, na ambayo mboga zinaipenda. Mtu wa kwanza kutenga vijidudu hivyo na kueleza kazi yake ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, alipokuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi, mwaka wa 1890. Vipo duniani kote, katika udongo, katika mito, katika ziwa letu.

Shida yao ni kwamba vinazaana polepole. Vijidudu vya kuharisha vinaweza kuongezeka mara mbili kwa dakika 20 vikipata chakula na joto. Hivi vya amonia vinahitaji karibu siku nzima au zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuwa na wafanyakazi wa kutosha, na hapa kwetu, kwenye baridi ya mlima, linaweza kuchukua muda zaidi. Tena vinakufa kwa klorini. Maji yetu mengi yanatoka Ziwa Kivu, na yanatiwa klorini ili kipindupindu kisituue. Dawa hiyo ni nzuri kwa watu, na nawaomba msiache hata siku moja kuitia katika maji ya kunywa. Lakini tangi dogo lilikuwa limeoshwa kwa dawa, kisha likajazwa maji yenye dawa, kisha kila siku likaongezwa bidoni tano mpya zenye dawa. Lilikuwa safi kama sahani ya harusi. Hakukuwa na kijidudu hata kimoja cha kufanya kazi, na samaki 200 walikuwa tayari mezani.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi wa Kivu hasa. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali na moja pole, na kipimo chetu kinazihesabu pamoja. Kinachoamua ipi ni nyingi ni uchachu wa maji, ule unaopimwa kwa namba za pH. Maji yenye baridi kama yetu, nyuzi 20, yakiwa na pH 7, amonia kali ni chini ya 1 kwa 100. Kwenye pH 8 inafika karibu 4 kwa 100. Kwenye 8.5 ni karibu 11. Kwenye 9 inapita robo ya yote. Sasa, maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, kwa sababu ya madini ya volkano. Samaki wa ziwani wameyazoea, na ziwani amonia ni kidogo sana. Lakini mtu akiyaweka maji hayo katika tangi jipya na kulisha, kila miligramu ya amonia inauma zaidi kuliko ingeuma sehemu nyingine. Tangi dogo lilisoma pH kama 8.5. Miligramu 4 zikigawanywa hivyo, amonia kali ilikuwa kama miligramu 0.4 kwa lita. Tilapia huanza kukosa hamu ya kula hata kabla haijafika 0.1.

Wale wanaofuga samaki wa baharini ndani ya matangi ya kioo, Ulaya na Marekani, wanakutana na jambo hilohilo. Wananunua samaki, wanamtengenezea tangi dogo jipya la karantini, maji ya chumvi, vifaa vya bei, na baada ya siku chache kipimo kinawaonyesha amonia wasiyoitegemea. Maji ya bahari pia yana pH inayopita 8, kwa hiyo nao hawana nafasi kubwa ya kungoja. Wengine wanakuta kwamba hata maji ya bomba yana amonia, kwa sababu katika miji mingine klorini inachanganywa na amonia ili idumu katika mabomba. Ndiyo sababu nasisitiza kupima kwanza maji yanayoingia. Sisi tulikuta njano, tukajua kwamba shida ilizaliwa ndani.

Sasa niwaambie tulichofanya, maana kuna vikundi vingine vinavyotaka kuanza.

Kwanza, tulisimamisha chakula siku mbili. Wamama waliona huruma, lakini samaki haumii kwa kukosa chakula siku mbili kama anavyoumia kwa amonia. Tulitoa waliokufa, tukachunguza vizuri pembeni na chini ya kila kitu, kwa sababu maiti mmoja aliyesahauliwa anaoza na kuongeza amonia.

Pili, tulitoa nusu ya maji, lita 250, na badala yake tukatia maji kutoka tangi kubwa, ambayo kipimo chake kilikuwa njano na ambayo hayana dawa tena. Tangi kubwa tuliliongezea baadaye maji ya bidoni yaliyokaa wazi siku mbili katika beseni pana ili klorini itoke. Maji machafu hayakumwagwa barabarani. Yalipelekwa kwenye magunia ya lengalenga, na mboga zile mngeziona baada ya wiki mbili mngeuliza mbolea imetoka wapi.

Tatu, na hii ndiyo dawa yenyewe, tulichukua vikapu viwili vya mawe ya volkano kutoka chini ya tangi kubwa, tukavihamisha haraka vikiwa vimelowa, bila kuviosha, bila kuvianika, tukayapanga mawe katika tangi dogo. Mawe hayo yana matundu mengi, na ndani ya kila tundu kuna wafanyakazi wa miezi kumi. Huko Ulaya mawe ya namna hii yanauzwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Sisi tunayapiga teke kila asubuhi. Lakini angalieni: mawe na maji vilitoka kwa wenyeji kwenda kwa wageni, na haviwezi kurudi mpaka karantini imalizike. Hata ndoo na wavu wa tangi dogo vilifungwa kitambaa chekundu ili visiguse tangi kubwa.

Nne, hewa. Vijidudu vinahitaji oksijeni kama samaki wanavyoihitaji. Umeme haupo kila saa, basi wamama walipanga zamu ya kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, asubuhi, mchana na usiku kabla ya kulala.

Tano, kipimo kila siku, na kila siku kuandikwa. Jumapili ilisoma 2. Jumatatu bado 2. Jumanne tulibadilisha tena nusu, ikawa 1. Jumatano ilishuka mpaka nusu. Jumamosi ya pili ilikuwa robo. Nitriti ilipanda katikati ya wiki, karatasi yake ikawa ya waridi, kwa hiyo tulitia nusu kilo ya chumvi ya kawaida, yaani gramu 1 kwa lita, kwa sababu chumvi huzuia nitriti kuingia katika damu ya samaki kupitia matamvua. Chakula kilirudi kwa gramu 10 tu, kisha 15, na hakikuongezwa mpaka kipimo kikubali. Siku ya 12 bomba lilibaki njano.

Samaki 12 wengine walikufa katika siku tatu za kwanza. Waliobaki ni 139. Kikundi kimepoteza 61, na pesa hiyo hairudi.

Sasa nirudi kwa yule mama. Jumamosi ile, bomba la kijani lilipokwisha kuzunguka mikono yote, hakuna aliyepiga kura. Lakini ukimya hautoshi kumsafisha mtu. Mwenyekiti, mwanamke mzee anayejua maisha, alisema wazi: “Tulimsingizia mwenzetu mbele ya watu, basi mbele ya watu tumwombe msamaha.” Wakamwomba, mmoja mmoja. Yule aliyesema juu ya watoto alikuwa wa mwisho, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mama yule hakulia wala hakusema maneno mengi. Aliuliza kama anaweza kushika daftari la vipimo. Ndiye anayelishika mpaka leo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wanafunzi wangu wengi. Sitawaficha kwamba majirani wawili bado hawapokei chakula mkononi mwake. Neno likishatoka, kipimo hakilirudishi lote.

Mtu ataniuliza: na kama siku moja itakuwa sumu kweli? Maji yenyewe yanaweza kutuambia, tukijua kuyatazama. Dawa ya kuua wadudu wa shamba ikiingia katika tangi, mara nyingi wakubwa kwa wadogo hufa pamoja ndani ya saa chache. Hewa ikipungua, wanakuja juu kabla ya jua kutoka, na mara nyingi wakubwa ndio wanaotangulia kufa. Ugonjwa unaonyesha vidonda, madoa, au mapezi yaliyolika. Amonia inakuja polepole katika tangi jipya: siku mbili tatu za raha, kisha kukataa chakula, kisha kuhema juu, kisha vifo vinavyoongezeka kila asubuhi. Hayo ni maswali ya kuuliza kabla ya kuuliza nani alipita hapo jana usiku.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, nawaachia mpango huu. Tangi la karantini litengenezwe wiki kadhaa kabla ya kununua samaki. Mawe ya volkano yawekwe katika tangi la wenyeji mapema, ili siku ikifika yawe tayari kuhamishwa. Kama hamna tangi la zamani, anzeni na samaki wachache sana, kama 10, na chakula kidogo, mngojee. Maji ya bidoni yakae wazi siku mbili. Pimeni maji yanayoingia, kisha yaliyo ndani, na andikeni. Asiwepo mtu mmoja wa kulisha peke yake: wawe wawili, wasaini wote, ili shida ikitokea isiwe na jina la mtu mmoja.

Kisanduku cha matone bado kiko shuleni, na matone yanatosha kwa vipimo vichache bado. Kikundi chenye samaki wanaokufa kituletee chupa tatu safi, za maji matatu, zikiandikwa juu yake zimetoka wapi. Njooni mchana baada ya masomo, kukiwa bado na mwanga. Daftari la yule mama pia liko tayari kuonyeshwa, na mwenyewe amekubali kulieleza kwa yeyote atakayefika.